Kifaa cha Kumwongoza Ramani

Tajiri wa kiwanda cha mikate hakuwa mtu wa kuwatembelea wafanyakazi wake majumbani, kwa hiyo aliposikika akibisha hodi mchana ule, Mama Pazia alijua hakuja kwa heri. Aliacha cherehani, akakusanya mapazia ya watu yaliyotapakaa juu ya makochi, akamtafutia mgeni pa kukaa. Tajiri alikaa ukingoni kabisa, kofia magotini, kama mtu aliyekuja kuposa asijue aanzie wapi.

"Mzee yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Amelala. Unajua tena, mtu wa kuamka na majogoo."

"Mwache alale. Nimekuja kwako wewe, mama."

Mume wa Mama Pazia ndiye aliyekuwa dereva wa gari la mikate. Kila alfajiri alipakia makreti, akayasambaza kwenye maduka ya mji mzima kabla watu hawajabandika maji ya chai. Wenzake walimpachika jina la Ramani, kwa sababu ukimtajia kichochoro chochote alikuwa anakujibu kwa rangi ya geti lililoko mwisho wake. Jina likashika hadi nyumbani. Hata mkewe alimwita hivyo akitaka kumtania, au akitaka kumwomba kitu.

"Duka la kona ya sokoni jana lilipelekewa mkate mara mbili," tajiri alisema. "Maduka ya kule mlimani hayakupata hata kipande. Na wiki iliyopita mwenye duka mmoja alimkuta ameegesha gari, anatazama mbele tu. Akamuuliza, 'Mzee, vipi?' Akamjibu anangoja barabara ifunguliwe. Mama, barabara ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na hata baiskeli."

"Amechoka," Mama Pazia alisema upesi. "Mtu hachoki? Hajapumzika tangu lini?"

"Labda." Tajiri alizungusha kofia yake. "Mimi na yeye tulianza na gari ambalo lazima lisukumwe ndipo liwake. Siwezi kumtimua kama mbwa. Lakini mkate haungoji, na wenye maduka wameanza kuchukua kwa watu wengine. Mwezi huu uishe, tuone. Mtafutieni dawa, au mtafutieni kitu." Alipofika mlangoni akageuka. "Wale madereva wangu vijana wanatumia vidude vya kuonesha njia, vile vya kubandika kwenye kioo cha gari. Pengine na yeye…"

Hakuimaliza sentensi. Mama Pazia aliimalizia mwenyewe, na jioni ile nzima aliishikilia kama mtu aliyeokota kamba mtoni.

Binti yao, aliyekuwa mwalimu wa chekechea na bado anaishi hapo nyumbani, alipoambiwa habari hiyo aliweka kijiko chini.

"Mama, juzi baba aliniuliza niko darasa la ngapi."

"Alikuwa anakutania."

"Mama."

"Baba yako anatania tangu nimemjua. Siku ya kwanza tu aliniambia yeye ni rubani."

"Tumpeleke hospitali."

"Hospitali watampa jina la ugonjwa," Mama Pazia alisema. "Na ugonjwa ukishapewa jina, unahamia ndani kama mpangaji. Kwanza tujaribu hicho kidude."

*

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa na sakafu inayoteleza na baridi ya mashine. Mlinzi alimwachisha Mama Pazia kikapu mlangoni na kumpa kibati chenye namba, ilhali mwanamke aliyeingia mbele yake, mwenye mkoba mkubwa kuliko kikapu, alifunguliwa mlango kwa tabasamu. Muuzaji wa kwanza alimtazama viatu, akakumbuka kwamba ana kazi upande wa televisheni. Mama Pazia alisimama mbele ya kabati la kioo, akisoma bei kwa kusogeza midomo. Alikuwa amebeba fedha alizokuwa akijiwekea ili anunue cherehani ya pili, na sasa alizibana kwapani kama kipimajoto.

Aliyemjia hatimaye alikuwa muuzaji mjamzito, miguu imemvimba ndani ya raba, sare yake imebana tumboni mpaka vifungo vinalalamika.

"Karibu, mama. Ni ya kwako au ya mtu?"

"Ya mume wangu. Dereva."

"Dereva wa masafa au wa humu mjini?"

"Mjini. Mkate."

Muuzaji alitoa vifaa vitatu na kuvipanga juu ya kaunta, akaviwasha kimoja kimoja. Alianza na kidogo, chenye kioo cha ukubwa wa kiganja. Kile, alisema, ndicho chenye bei nafuu, ila kioo chake ni kigumu, sharti ukibonyeze kwa kucha, na chaji yake haikai. Kile cha katikati kilikuwa na kioo kipana. Ukikigusa tu kinaitika, maandishi yake makubwa, na kinataja majina ya mitaa. Cha tatu kilikuwa chembamba kama kitabu cha shule. Hicho unakiamrisha kwa mdomo, kinakuonya foleni ikiwa bado iko mbali, kinapokea simu, kinapiga na muziki.

"Wengi wanaondoka na hiki," alisema akigusa cha tatu. "Au wanatumia simu zao tu, kama simu ni kubwa. Mzee ana simu ya kugusa?"

"Yake ya vitufe. Hiyo ya kugusa aliwahi kupewa, akasema inamtekenya."

Muuzaji alicheka, akashika kiuno. Mama Pazia aligusa kile cha katikati kwa ncha ya kidole. Ramani ya mji ikasogea, laini, kama kitambaa cha hariri kinavyoteleza mezani.

"Akikosea njia, kinafanya nini?"

"Kinatafuta njia nyingine."

"Hakigombi?"

"Hakigombi, mama. Kinasema tu, 'Geuka inapowezekana.'"

"Na akikosea tena? Akikosea hapo hapo mara tano?"

"Kitamwambia mara tano."

"Kwa sauti ile ile?"

"Kwa sauti ile ile."

Mama Pazia aliondoa kidole kiooni. Asubuhi ile tu alikuwa amemfokea mumewe kwa kuuliza mara ya tatu soksi zake ziko wapi, na alikuwa amezivaa. Aliona haya mbele ya kile kidude.

Muuzaji naye alikuwa amemtazama muda, na alipozungumza tena hakuzungumza kiuuzaji.

"Mama, samahani nikuulize. Huyo mzee, anajua anakokwenda ila njia ndiyo inamchanganya? Au hata anakokwenda kunampotea? Kwa sababu hivi vyote kazi yake ni moja. Lazima wewe ukiambie unataka kwenda wapi. Usipojua, hata hiki cha bei mbaya kitakutazama tu."

"Anajua," Mama Pazia alisema. "Anajua sana. Ni njia tu. Siku hizi wanabadilisha barabara ovyo."

"Basi chukua hiki cha kati," muuzaji alisema taratibu, akaanza kukifuta kioo.

*

"Mimi niongozwe na kibati?" Ramani alikuwa amesimama katikati ya sebule, suruali ya kazi imemlegea kiunoni. "Mji huu mimi nimeuona unazaliwa! Hiyo barabara kubwa wanayojisifia, nimeipita ikiwa mfereji!"

"Hakuna anayekuongoza," mkewe alisema. "Ni kwa ajili ya foleni. Tajiri anataka magari yote yawe nacho."

Uongo huo ulimtuliza. Binti alikaa naye mchana mzima, akaingiza maduka yote kwa mpangilio wake, kila duka na picha yake ndogo. Ramani alitazama kidole cha binti yake kikikimbia juu ya kioo, akashangaa mitaa yake aliyoibeba kichwani miaka yote imelazwa pale, midogo, mtu anaweza kuifunika kwa kiganja.

"Na huyu anayeongea ni nani?"

"Mashine, baba."

"Anaongea kama mkwe mpya aliyeambiwa asikosee."

Alfajiri ya kwanza Mama Pazia alipanda naye, kwa kisingizio cha kwenda kununua uzi. Alikuwa hajaketi kwenye kiti kile tangu binti yao akiwa mtoto wa kubebwa. Gari lilinuka mkate wa moto mpaka machozi yakamlenga. Mkwe mpya alisema kata kushoto, Ramani akakata kushoto, akisonya kidogo kulinda heshima yake ya zamani. Duka baada ya duka, milango ilifunguliwa, mikono ikapokea makreti, watu wakasema, "Aa, mzee, leo umetukumbuka!" Naye akawajibu vizuri, akawauliza hali za watoto, bila kutaja jina la mtoto hata mmoja. Mkewe aliliona hilo, akalipita kama mtu anayepita shimo analolijua.

Kwenye kilima, jua likiwa linachomoza juu ya mabati ya mji, Ramani alisimamisha gari na kumega mkate uliobonyea, ule ambao maduka hayaupokei. Akampa nusu.

"Zamani tulikuwa tunafanya hivi," alisema.

"Unakumbuka?"

"Mtu anasahau vipi njaa ile?"

Wakacheka. Mama Pazia alitafuna polepole. Mumewe alikuwa pale karibu, bega lake linamgusa, na bado alimtamani kama mtu aliye safarini. Alitamani mkate ule usiishe, wala jua lisipande.

Mambo yakaenda. Tajiri alituma mfuko wa unga na salamu. Ramani alianza tena kupiga mluzi akinyoa ndevu, na Mama Pazia akamwambia binti yake, "Unaona? Hospitali ya nini?" Binti aliendelea kukunja nguo. Alikuwa amewakuta baba yake na kile kifaa mezani jana yake; baba anakiuliza, kwa adabu kabisa, kama kimeshakula.

*

Siku gari lilipokosa kurudi, tajiri alipiga simu mwenyewe. Jua lilikuwa limeshapanda. Maduka ya mlimani hayajapata kitu, ya sokoni hayajapata kitu. Simu ya mzee inaita, haipokelewi. Mama Pazia alibaki ameishika simu, sindano ya cherehani imesimama katikati ya pindo la mtu. Alimpigia binti yake, naye akaaga darasani na kuelekea sokoni kuuliza. Mama Pazia alikuwa anafunga mlango simu yake ilipolia tena, namba ya mumewe, sauti ya mtu mwingine.

"Mama, samahani. Sisi mafundi wa tairi, huku nyuma ya stesheni ya zamani. Kuna mzee hapa na gari la mikate. Anagombana na sisi. Anasema tumebomoa nyumba yake."

Mama Pazia alilijua eneo hilo. Hapo ndipo walipoanza maisha, chumba kimoja cha kupanga, kabla ya binti, kabla ya cherehani. Alikodi teksi bila kuuliza bei, yeye ambaye alikuwa akipatana hata bei ya kiberiti. Njiani aliwapigia binti na tajiri.

Palikuwa na kibanda cha mabati, tairi zimerundikwa kama vitumbua vyeusi, na mafundi watatu wenye mikono ya grisi wakicheka chinichini. Gari la mikate lilikuwa limeegeshwa vizuri kabisa, sambamba na ukuta, kama linavyoegeshwa nyumbani. Injini ilikuwa inaunguruma. Mlango wa dereva wazi, na kutoka ndani ile sauti ya upole ilikuwa ikirudia: geuka inapowezekana, geuka inapowezekana.

"Huyu naye!" Ramani alikuwa anawaambia mafundi, akionesha gari kwa hasira. "Tangu asubuhi ananiambia nigeuke. Nigeuke niende wapi, na nyumbani ni hapa?"

"Nyumbani hapa pa tairi, mzee?" fundi mmoja alisema, na wenzake wakaangua kicheko. "Basi ingia ndani ulale, chagua tairi uifanye mto!"

Ndipo walipomwona Mama Pazia amesimama, mtandio umemteleza kichwani, na kicheko kikawakatikia mdomoni. Fundi mkubwa alijifuta mikono. "Shikamoo, mama," alisema, akitazama chini.

Ramani aligeuka. Uso wake ulifunguka wote. Mama Pazia alikuwa hajatazamwa vile kwa miaka mingi, na kwa nukta moja ya kijinga moyo wake uliruka kwa furaha.

"Umekuja! Nimekungoja mpaka nimechoka. Hawa watu wameweka vitu vyao mlangoni. Hebu fungua tuingie, wewe ndiye mwenye ufunguo."

Ni kweli. Enzi hizo ufunguo ulikuwa mmoja, na aliuvaa shingoni kwa uzi. Mkono wake wenyewe ulikwenda kifuani kuutafuta.

"Nimeupoteza," alisema.

"Umeupoteza? Wewe!" Alicheka. Hakukasirika; enzi hizo walikuwa hawakasirikiani kwa vitu vidogo. "Sasa tutaingiaje?"

Mama Pazia alitazama gari linalounguruma. Alitazama barabara, watoto wa shule waliokuwa wakivuka makundi kwa makundi. Akaelewa jambo ambalo alikuwa amekataa kulielewa mbele ya tajiri, mbele ya binti yake, mbele ya yule muuzaji mwenye miguu iliyovimba.

"Nipe wako tujaribu," alisema.

Ramani hakusita. Aliinama garini, akazima injini, akachomoa ufunguo na kuuweka kwenye kiganja cha mkewe, akakikunja kwa vidole vyake mwenyewe ili usidondoke. Sauti ile ikanyamaza pia. Mama Pazia aliukamata ufunguo ule akajiona mwizi, mwizi wa mtu aliyelala.

"Hautaingia, huu ni mkubwa," Ramani alisema kwa kumwonea huruma. "Usijali. Tutakaa nje mpaka mwenye nyumba arudi."

Fundi mkubwa alileta viti viwili vya kreti. Walikaa jua linawapiga. Ramani alizungumza kuhusu dirisha. Lile dirisha halina pazia, alisema, wapita njia wanachungulia, na yeye hapendi mkewe achunguliwe. Mwisho wa mwezi atanunua kitambaa, cha bluu, kama ataweza.

"Nitakishona mwenyewe," mkewe alisema.

"Unajua kushona?"

"Nitajifunza."

Ramani akamshika mkono, wakangoja. Binti alipofika mbio, jasho linamtiririka, aliwakuta hivyo, akasimama pembeni. Tajiri alikuja nyuma yake na dereva kijana. Mama Pazia alimpa tajiri ufunguo. Tajiri aliupokea kwa mikono miwili.

Kurudi nyumbani, Ramani aliwekwa kiti cha abiria. Alikaa wima, mikono mapajani, akatazama mitaa ikipita upande ambao hakuuzoea. Dereva kijana alipokosea kona moja, hakuna aliyemsahihisha.

*

Hospitali walimpa jina la ugonjwa, na kweli ukahamia ndani kama mpangaji, mwenye vitu vingi. Kile kifaa tajiri alikinunua kwa bei ya heshima, akampa dereva kijana. Mapazia yaliendelea kushonwa, mengi zaidi sasa, maana mshahara wa mkate haukuwepo. Jina la Ramani watu waliliacha polepole. Walianza kumwita mzee tu.

Jioni, kazi ikipungua, Mama Pazia alimtoa nje anyooshe miguu. Walitembea hadi kwenye ukuta mfupi mbele ya shule anakofundisha binti yao, wakaketi kutazama watu wakirudi makwao. Siku nyingine alimjua mkewe, akalalamika chakula hakina chumvi. Siku nyingine alisogea kidogo, kwa adabu, kumwachia nafasi mwanamke asiyemfahamu.

"Umeolewa, mama?" alimuuliza jioni moja.

"Nimeolewa."

"Mumeo anafanya kazi gani?"

"Anapeleka mikate madukani."

"Kazi nzuri hiyo." Alitikisa kichwa, akaitafakari. "Ila ina upweke. Mji wote umelala, uko peke yako. Unachofikiria ni mtu uliyemwacha nyumbani, kama amejifunika."

Mama Pazia hakuwahi kuambiwa hilo, na hakuwahi kuuliza.

"Basi usikae sana hapa na mimi," mzee alisema kwa upole, akilitazama jua. "Atakuwa anakungoja."

"Anangoja," alisema. "Muda si mrefu nitakwenda."

Alivua mtandio, akaukunjua, akamfunika mabegani kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza. Mzee alishukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni. Wakaendelea kukaa.